Kisima Kiko Bega la Kushoto

Mama nilimweka utosini. Ukichora mstari kutoka ncha ya sikio hili hadi ncha ya sikio lile, katikati yake, juu kabisa ya kichwa, pana kishimo kidogo ambacho wakandaji wa kwetu wanakiita Mikutano Mia. Fundi Rao aliniambia nitafute kitu cha nyumbani kinachokaa hapo, nami sikuhangaika kutafuta. Hapo ndipo mama alikuwa akinigonga kwa mwiko kila nilipounguza wali, na malalamiko yake yote yalikutana hapo hapo. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Akasema hiyo sitaisahau hata nikizeeka, sasa tushuke shingoni.

Shingoni ndipo alipoingia baba, na tangu hapo hakutoka.

Nilikuwa nimekuja mjini Bozhou kufua taulo. Duka la kukanda la Fundi Rao na mume wake, Mzee Luo, liko nyuma ya soko kubwa la dawa, na harufu ya mizizi iliyokaushwa na maua ya chai inaingia hadi kwenye mito. Wateja wengi ni wachuuzi wa hiyo mizizi, watu waliokaa juu ya magunia tangu alfajiri. Fundi haoni tangu utotoni. Siku moja nilimpa taulo akanishika kidole gumba badala ya taulo, akakipima, akamwita mumewe. Akamwambia kwamba kidole kama hiki kinaharibikia kwenye sabuni. Kuanzia hapo, nikimaliza kufua, ananifundisha.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Shule niliiacha darasa la tano, ya kijijini kwetu ilipofungwa na nyingine ikawa ng'ambo ya mlima. Ukutani dukani kuna picha ya mtu aliyejaa vidoti kama aliyeugua surua, na kila kidoti kina jina. Nusu ya majina sikuweza kuyasoma, na nusu niliyoyasoma sikuyaelewa. Fundi mwenyewe alijifunza kwa mashairi katika shule ya wasioona, akajaribu kuniimbia. Yalikuwa matamu, lakini maneno yake ni ya watu wa kale, yakaingia sikio hili yakatokea la pili. Nikimaliza mgongo nimesahau kichwa. Mzee Luo, ambaye ndiye aliyekuwa mwili wangu wa mazoezi, alilalamika kwamba nimemtafutia figo kwenye makalio.

Nilipomwambia Fundi kwamba heri nirudi kwenye taulo zangu, aliniuliza kama naijua njia ya kutoka kwetu hadi shambani. Nikasema naijua hata nikifumba macho. Akasema basi nisihangaike na mashairi ya watu waliokufa, tutaupanga mwili kwa vitu vya kwetu, kila kimoja mahali pake.

Nilidhani nitaleta mto, na daraja, na kilima cha majani ya chai. Lakini kila nilipofungua mdomo alikuja baba. Sababu yake ni hii: kwetu njia ni nyembamba, mtu hatembei sambamba na mwingine. Tangu utoto nilitembea nyuma ya baba, yeye mbele na mti wake wa mzegazega begani na kikapu kila upande. Uso wa baba siujui vizuri kama ninavyoujua mgongo wake. Basi kwenye mashimo mawili chini ya kisogo, yanayoitwa Dimbwi la Upepo, nikaweka taulo ambalo baba hujifutia jasho. Kwenye Kisima cha Bega, juu ya bega, nikaweka mzegazega. Nyuma ya goti, pale panapokunjika, ndipo nyati wetu wa kulimia alipompiga kichwa baba akapiga magoti kwenye matope, na nyati akaonekana kama anapokea heshima. Chini ya shavu la mguu, panapoitwa Mhimili wa Mlima, ni pale suruali yake inapokunjwa. Na katikati ya unyayo, kwenye Chemchemi, ni tundu la kiatu chake, ambalo maji huingia akikanyaga mtaro.

Fundi alipenda sana tundu la kiatu. Aliniambia niliseme kila mara, hata kwa wateja wa mazoezi, maana yeye haoni mikono yangu na lazima asikie niko wapi. Ndivyo tunavyofanya: mimi nabonyeza na kutaja jina na kilichowekwa hapo, na mkono wake uko juu ya wangu. Tena alinizoesha kufumba macho. Alisema macho yanaropoka sana, yanauzuia mkono kusikia. Na kweli, mimi ambaye nashindwa hata kumwambia muuza mboga kwamba amenipunja, nikifumba macho juu ya mgongo wa mtu nilikuwa nasema bila kukwama.

Wakati huo ndipo binamu yangu alipopiga simu. Alisema huko kijijini watu wanazungumza. Si unajua maduka ya kukanda ya mijini, yale yenye taa nyekundu. Mtu mmoja amemuuliza baba mbele za watu kama binti yake anakanda nini hasa. Baba hakujibu, lakini tangu siku hiyo haendi kucheza karata. Amesema chai ya kiangazi ikishavunwa atakuja kunichukua. Kuna kiwanda cha kushona mabegi, nafasi imeshapatikana, kina ukuta na geti.

Sikutaka kwenda. Nilitaka kubaki kwa Fundi mpaka niumalize mwili wote na kupewa koti jeupe. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Lakini nyumbani kwetu watu hawabishani. Baba akinyamaza nami hunyamaza, na jambo linakuwa limeamuliwa, hata kama hakuna aliyelitaja. Nilijua akija atasimama mlangoni, atanitazama, nami nitakwenda kufunga nguo zangu.

Alikuja kabla ya wakati aliosema. Yaliyotokea mlangoni niliyasikia baadaye kwa Mzee Luo, ambaye anayasimulia mpaka leo.

Mimi nilikuwa juu ya paa naanika. Mzee mmoja aliingia akiwa ameshika gunia tupu lililokunjwa, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuulizia choo. Mzee Luo akamkaribisha, akamuuliza ni mgongo au miguu. Mgeni akasema amekuja kwa ajili ya... kisha akakwama. Mzee Luo amewaona wengi wa namna hiyo, wakulima wanaoona aibu kusema wanaumwa wapi. Akamwambia ameelewa, ni vyote viwili, akamkalisha na kumvua viatu. Mgeni, miguu yake ikiwa tayari kwenye ndoo ya maji ya moto, akajaribu tena. Akasema amemfuata mtu. Mzee Luo akamjibu, "Wote humfuata yeye, ndugu yangu. Hutoka mbali hivyo hivyo." Alidhani anamzungumzia Fundi Rao. Kisha akamweleza kwamba yupo mwanafunzi, na anayekubali kufanyiwa mazoezi halipi kitu. Mgeni akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia kila kitu, akapelekwa nyuma ya pazia, akalazwa kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, akafunikwa shuka.

Nikaitwa. Nilimwona mtu chini ya shuka, kisogo chenye mvi kilichonyolewa kwa mashine ya nyumbani. Vichwa kama hicho viko vingi sokoni. Nikamwambia pole kwa safari, mzee, kama tunavyowaambia wote, wala hakujibu. Nikafumba macho. Fundi akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Anza," akasema.

Nikaanza na Mikutano Mia, nikamtaja mama na mwiko wake. Nilihisi kichwa kikitikisika kidogo, nikadhani nimebonyeza sana. Nikashuka kwenye Dimbwi la Upepo, nikasema hapa ndipo baba anapojifutia jasho, huanza shimo la kushoto kisha la kulia, kisha analitazama taulo kama aliyetarajia kukuta kitu. Shingo ilikuwa ngumu kama mpini. Fundi akasema huyu amebeba jambo njiani, nisiikimbilie, niingoje. Nikaingoja. Nikaeleza tu, kwa sababu nilipenda kueleza, kwamba baba akikasirika hashiki fimbo wala hapigi kelele, shingo yake ndiyo inanenepa, ukiwa nyuma yake unaona. Na kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa naitazama shingo hiyo nijue kama leo nitaomba peremende au la.

Fundi alicheka. Mteja akavuta pumzi ndefu, na shingo ikalegea yenyewe chini ya vidole vyangu.

"Sasa twende," Fundi akasema.

"Kisima cha Bega. Katikati ya shingo na ncha ya bega. Hapa unakaa mzegazega wa baba. Umekaa miaka mingi mpaka umechimba kisima chake. Bega la kulia."

Sauti ikatoka chini, kwenye tundu la kitanda. "La kushoto."

Nilidhani anataka nihamie kushoto. Wateja wengi hutuelekeza hivyo. Nikahama, nikabonyeza, na kidole kikakuta gamba gumu la nyama, kama kisigino. Nikamuuliza, "Hapa, mzee?"

"Hapo. Hilo la kulia lilivunjika kabla hujazaliwa. Tangu siku hiyo nabebea kushoto."

Mikono yangu ikabaki palepale.

"Kabla nani hajazaliwa?" Fundi akauliza. "Cuiwen, mbona mikono imekuwa baridi hivi?"

Nikafumbua macho. Nikaziona nguo za mteja zilizokunjwa juu ya kigoda, na kofia ya bluu juu yake, ambayo mama alikuwa ameishona ukingo kwa uzi mweusi.

"Fundi," nikasema, "huyu ni baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Mwenyewe."

"Huyu huyu wa tundu la kiatu?"

Nilitamani sakafu ipasuke nizame. Kisha sauti ikatoka tena chini ya kitanda, taratibu, kama mtu anayesahihisha bei. "Viatu nimenunua vingine."

Upande wa pili wa pazia Mzee Luo alipaliwa na chai, akakohoa mpaka akatoka nje. Fundi hakucheka. Aliinama karibu na tundu akamwambia baba kwa adabu kwamba angesema mapema, tungempokea kama mgeni, siyo kumlaza kama samaki.

"Nilianza kusema," baba akajibu. "Bwana wako akaniwekea ndoo." Akaongeza, "Halafu huyu akaanza kuongea. Sijawahi kumsikia anaongea hivyo. Nikaona nikisema, atanyamaza."

Nikasubiri ainuke. Nilijua kinachofuata: atainuka, atavaa kofia, atanitazama. Lakini hakuinuka. Alirekebisha uso wake kwenye tundu, akauliza kama ndiyo imeisha au bado kuna mengine. Fundi akamwambia hiyo ni robo tu. Baba akasema basi tuendelee.

"Haya," Fundi akaniambia, "leo una bahati, mwenye mwili yupo, akusahihishie. Endelea."

Sikuweza tena kufumba macho. Nilisema kwa sauti ndogo, na baba alisahihisha. Nilisema katikati ya mabega ndipo alipong'atwa na nyigu tukichuma chai. Akasema si nyigu, ni mama, alimrushia jiwe dogo ili ageuke, naye hakugeuka, wakakubaliana kuwaambia watoto ni nyigu. Fundi akapenda hiyo zaidi ya mwiko. Nikashuka uti wa mgongo, pingili kwa pingili, hadi kiunoni, usawa wa kitovu.

"Lango la Uhai," nikasema. "Hapa baba anafungia kamba ya suruali."

Nikadhani nimepata sawasawa.

"Kamba iko chini zaidi," akasema. "Hapo unaposhika ndipo uliponikojolea."

Fundi akageuza sikio.

"Hukuwa umetimiza mwaka. Homa, na theluji imefunga barabara. Nikakufunga mgongoni kwa blanketi, nikashuka nawe zahanati ya bondeni. Njiani ulikuwa unalia, halafu ukaacha. Sikuwa na ujasiri wa kukufungua nitazame. Nikatembea tu. Halafu nikasikia joto, hapo hapo, linashuka. Mkojo. Nikajua yupo huyu." Akakohoa. "Suruali ikaganda kama ubao. Mama yako mpaka leo anajua nilianguka mtoni."

Nikabonyeza hapo kwa vidole gumba viwili. Sikutaja jina lake tena, na Fundi hakuniuliza. Aliuondoa mkono wake juu ya wangu, akaenda kukaa kwenye kigoda chake, akaniacha nimalize miguu peke yangu. Sikueleza lolote, na baba hakusahihisha. Magoti yake yalikuwa mabaya kuliko nilivyofikiri nilipokuwa nayatazama kutoka nyuma. Kutafuta Maili Tatu, pale chini ya goti ambapo wasafiri wa zamani walibonyeza ili waweze kwenda mbele kidogo, lazima upime vidole vinne, na si vyako, ni vya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa kila mwili una kipimo chake. Kwa wateja nilikuwa naona haya, nikijipimia kwa vyangu, na ndiyo maana nilikuwa nakosea kila mara. Baba nilimgeuza chali, nikauchukua mkono wake, nikaulaza chini ya goti lake. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuushika kabla ya hapo. Alitazama dari.

Baadaye Mzee Luo alituletea tambi za nyama ya ng'ombe na mikate, akaomba radhi kwa ile ndoo mpaka baba akaona haya badala yake. Tulikula. Baba alipomaliza aliweka vijiti vyake juu ya bakuli, akamgeukia Fundi, akakaa wima kama mtu aliyeitwa shuleni.

Alisema amekuja kunichukua. Akasema pia kwa nini, yale ya kijijini, bila kuficha, akiwa ametazama meza. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hawezi kuzuia midomo ya watu wa milimani. Hapa kwake mtu huja na mgongo na huondoka na mgongo, hakuna zaidi.

"Nimeona," baba akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimelala."

Mzee Luo akaangalia pembeni ili asicheke.

"Nilikuwa na maneno," baba akaendelea. "Ndani ya basi niliyapanga. La kwanza hivi, la pili hivi. Niliyarudia mpaka aliyekaa nami akahama kiti. Sasa nayatafuta, siyaoni." Ndipo akanigeukia mimi. "Mama yako ataniuliza. Nitamwambia nini?"

Hakuwahi kuniuliza kitu kama hicho. Kwetu swali kama hilo haliulizwi, maana aliyeuliza analazimika kulisikia jibu. Nilitazama mchuzi uliobaki. Nilijua nikinyamaza, kimya changu kitahesabiwa kama kile cha siku zote, na gunia lake tupu litafunguliwa litiwe nguo zangu. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, ananingoja, kama alivyonifundisha kuingoja shingo.

"Mwambie nabaki," nikasema. Halafu nikaona ni fupi mno, kama utovu wa adabu. "Mwambie nabaki mpaka niumalize mwili. Nikiumaliza, nitakuja kumkanda."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akasema mama hatakubali kukandwa, atasema anatekenyeka. Akavaa kofia yake.

Nilimsindikiza kituoni. Njia ya sokoni ni pana, magari ya mizigo yanapishana, lakini yeye alitangulia na mimi nikamfuata nyuma, kama kawaida. Bega la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Sijui kwa nini miaka yote hiyo sikuliona. Tulipofika kwenye basi alisimama, bila kugeuka.

"Nimeyaweka kwenye goti," akasema.

"Nini, baba?"

"Hayo maneno ya kumwambia mama yako. Mwalimu wako anasema kitu kinawekwa mwilini. Nikishuka ngazi za basi goti litauma, nitakumbuka."

Nilifikiri kidogo. "Lakini goti nimelikanda, baba. Huenda lisiume."

Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akaukandamiza, akajaribu na wa pili. Akashuka tena. Kweli halikuuma. Safari hii aligeuka akanitazama usoni, watu wakiwa wanatupita na mizigo yao na kondakta akimwambia mzee, panda au pisha njia.

"Basi sema tena," akasema. "Kwa sauti, nisikie vizuri."

Nikasema tena, palepale, kwa sauti, mbele ya kondakta na wote.